Runinga nzito kwenye ukuta wa jipsamu: boliti ya kipepeo, ubao, au jiwe lililo nyuma?

Wiki moja kabla ya Harambee Stars kuanza mechi zao za CHAN pale Kasarani, Agosti 2025, mama mmoja wa Kileleshwa, Nairobi, alinipigia simu saa nne usiku. "Fundi, TV imeanza kuinama." Nikamwambia azime stima, awatoe watoto sebuleni na atandike godoro chini yake. Asubuhi na mapema nikafika. Runinga ya inchi 65 ilikuwa imekuja mbele upande wa juu, hata kidole kiliingia kati ya braketi na ukuta. Mimi na kijana wangu tukaishusha, tukaiegemeza kwenye kochi. Kisha nikashika skurubu ya juu kwa vidole viwili, bila bisibisi, nikaivuta. Ikatoka kama jino la mtoto lililokwisha kulegea. Katikati ya nyuzi zake kulikuwa na unga mweupe wa jipsamu na kipande chembamba cha bati kilichojikunja kama ukucha uliokatwa. Kipande hicho na wenzake wachache ndio waliokuwa wamebeba kilo zaidi ya 20 kwa miezi mitano.

Mama akaniuliza swali ambalo karibu kila mteja huniuliza: "Kwa hivyo ninunue braketi nzito zaidi?"

Braketi yake haikuwa na kosa. Ilikuwa ya chuma kizito, imenunuliwa Luthuli Avenue, na ingeweza kubeba runinga kubwa kuliko ile. Kilichokosewa ni namna ilivyoshikizwa ukutani. Naandika ulinganisho huu kwa sababu watu hulinganisha braketi siku tatu nzima, halafu kazi ya kuifunga wanamwachia yeyote mwenye mashine ya kutoboa. Mimi nafunga jipsamu, na njia zote nitakazozitaja nimezifanya kwa mikono yangu. Nina ninayoipenda kuliko nyingine, na sitaficha.

Ujue ukuta wako kwanza

Kama unaishi kwenye nyumba ya zamani ya Buruburu au South B, uwezekano mkubwa ni kwamba ukuta wako ni wa mawe au bloku na shida yako ni nyingine kabisa. Makala haya ni ya wale wenye fleti mpya za Kilimani, Kileleshwa au Westlands, na wenye ofisi zilizogawanywa vyumba, ambako ukigonga ukuta unasikia sauti ya ngoma.

Lakini sauti ya ngoma ina maana mbili, na hapa ndipo wengi hupotea. Maana ya kwanza: ukuta wenyewe ni wa jipsamu, bodi upande huu, bodi upande ule, katikati nguzo nyembamba za bati. Maana ya pili: ukuta ni wa mawe, ila mbele yake umejengwa urembo wa jipsamu wa kuwekea runinga, wenye taa zilizofichwa na rafu pembeni. Kwa macho zinafanana, ila kwa mzigo zimeachana mbali sana.

Njia rahisi ya kujua ni kupima unene mlangoni. Bodi ya ukutani kwa kawaida ina milimita 12.5. Bodi mbili, pamoja na nguzo ya milimita 50 au 75, zinakupa ukuta wa sentimita 7.5 hadi 10. Jiwe la inchi 6 au 9 likipigwa lipu huwezi kulichanganya na huo. Kama ukuta hauna mlango, zima swichi kuu, fungua kifuniko cha soketi iliyo karibu, umulike kwa tochi. Utaona kama nyuma kuna uwazi na bodi nyingine, au uwazi na jiwe.

Nguzo zenyewe mafundi wengi huziita stadi. Zina umbo la herufi C: mgongo mmoja na mashavu mawili. Bodi hufungwa kwenye shavu, ambalo upana wake ni sentimita tatu na nusu hivi. Kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine ni sentimita 40 au 60, kutegemea aliyejenga alikuwa akibana matumizi kiasi gani. Na unene wa bati hilo, kwenye kuta za kawaida za kugawanya vyumba, ni nusu milimita hivi.

Hiyo nusu milimita ndiyo kiini cha habari yote. Kwenye nguzo ya mbao, skurubu nene huzama sentimita nne au tano na kila uzi hupata nyama ya kushika. Kwenye bati la nusu milimita, nafasi kati ya uzi na uzi wa skurubu ile ile ni kubwa kuliko unene wa bati lenyewe. Yaani hata mzunguko mmoja kamili wa uzi haupati pa kushika. Ukiendelea kukaza, uzi unakata bati, unatengeneza tundu la mviringo la saizi yake, na skurubu inabaki ikizunguka bure. Fundi mzembe akifika hapo huweka plagi ya plastiki na kuendelea na kazi, na ndivyo ilivyokuwa kwa yule mama.

Kutafuta nguzo si kazi ngumu. Sumaku ya spika mbovu inatosha: itembeze polepole ukutani na itanata kwenye vichwa vya skurubu za bodi, na vichwa hivyo vimepangwa wima juu ya nguzo. Ukishapata mstari, toboa vitundu vidogo sana mahali ambapo braketi itafunika, ujue shavu linaanzia wapi na kuishia wapi. Usiruke hatua hii. Shavu lina upande wenye mgongo, ambao ni mgumu, na upande ulio wazi, ambao hupinda ukisukumwa na keekee. Ukitoboa kwenye ukingo ulio wazi unakuwa umepoteza nusu ya nguvu kabla hujafunga chochote.

Kilo ni zile zile, mvuto si ule ule

Runinga za inchi 55 za siku hizi nyingi zina kilo 15 hadi 20. Za inchi 65 huanzia kilo 20 kwenda juu kidogo, na za inchi 75 hufika 30 au 40. Soma kijitabu chake, mahali palipoandikwa uzito bila stendi. Lakini usiishie hapo, kwa sababu ukuta hausikii kilo peke yake, unasikia pia umbali.

Chukua runinga ya kilo 30. Ukiifunga kwenye braketi bapa, uzito wake unakaa kama sentimita 6 kutoka ukutani. Kama boliti za juu na za chini zimeachana sentimita 20, nguvu inayozivuta boliti za juu kutoka ukutani ni kilo 9 hivi. Sasa ichukue runinga hiyo hiyo, uiweke kwenye braketi ya mkono, ile inayovutwa mbele na kugeuzwa, uivute sentimita 50. Boliti zile zile za juu sasa zinavutwa kwa kilo 75. Runinga haijaongezeka hata gramu moja. Kilichoongezeka ni mkono, sawa na unavyochoka kushika ndoo ukiwa umenyoosha mkono kuliko ukiiweka karibu na mwili.

Tena ule mkono unavutwa na kurudishwa. Leo jikoni, kesho kitandani, mtoto naye anaining'inia. Jipsamu haipendi kubembelezwa hivyo. Kila mvuto unaponda unga kidogo chini ya braketi, braketi inapata nafasi ya kucheza, na ikishacheza mara moja haiachi.

Basi kama hujafikia uamuzi kuhusu braketi, uamuzi wangu ni huu: kwenye ukuta wa jipsamu wenye nguzo za bati, nunua braketi bapa au ile inayoinama kidogo tu, isipokuwa uko tayari kuweka ubao kama nitakavyoeleza. Chunguza pia matundu ya braketi kabla ya kulipa. Nyingi zimetengenezwa kwa kufikiria nyumba za Marekani, ambako nguzo huachana inchi 16, yaani sentimita 40 na kidogo. Kama nguzo zako zimeachana sentimita 60, bamba fupi litashika nguzo moja tu na upande wa pili utaangukia kwenye bodi tupu. Nenda dukani na tepu ya kupimia.

Skurubu za kujitoboa peke yake

Hizi ni zile zenye ncha kama keekee, jamaa za skurubu za mabati ya paa. Ni rahisi, zinaingia kwa dakika moja, na kwa kufunga bodi au rafu ya picha hazina ubaya. Kwa runinga nzito iliyofungwa moja kwa moja kwenye nguzo mbili, nasema hapana. Skurubu nne au sita kwenye bati la nusu milimita hazina akiba yoyote ya nguvu. Plagi za plastiki kwenye bodi tupu ni mbaya zaidi.

Boliti za kipepeo kupitia nguzo

Kipepeo ni boliti yenye kipande cha chuma kinachopita kwenye tundu kikiwa kimelala, kisha kinakaa kimekingama upande wa nyuma. Kuna ya aina mbili. Ya kwanza ina mabawa yenye springi, na ukiifungua boliti mabawa yanaangukia ndani ya ukuta na kupotea. Ya pili ina kipande cha chuma kilichoshikwa na mikanda miwili ya plastiki. Unakivuta nyuma kikakaa sawasawa, unabana kishikio mbele, unakata mikanda. Hii haiangukii ndani hata ukitoa boliti, na ndiyo ninayoitumia.

Siri iko mahali pa kuiweka. Watu wengi huiweka kwenye bodi kati ya nguzo na nguzo, ambako inabana karatasi na unga. Iweke kupitia shavu la nguzo lenyewe, chuma chake kikilala wima kufuata urefu wa nguzo. Hapo haitegemei uzi kung'ata bati. Inalisukuma bati kutoka nyuma kwa urefu wote wa kile kipande, na ili itoke lazima ilipasue. Tofauti kati yake na skurubu ni kama ya mlango uliofungwa kwa komeo na mlango ulioegemezwa tu.

Kazi yake inataka subira. Tundu ni la milimita 12 au 13, kwenye shavu la sentimita tatu na nusu, kwa hivyo ukikosea kidogo unaingia ukingoni. Anza na keekee ya chuma ya milimita 3, kisha 6, kisha ile kubwa. Mwendo wa polepole, na swichi ya nyundo izimwe. Nimeona kijana akitoboa bati kwa keekee ya mawe huku mashine ikigonga. Bodi ilipasuka upande wa pili, chumbani kwa watoto. Halafu ukifika kwenye kukaza, kaza mpaka braketi isitikisike, basi. Ukizidisha, unaponda jipsamu iliyo katikati.

Kuna hatari moja nyingine. Nyaya za stima kwenye kuta hizi hupita zikikata nguzo kupitia matundu yaliyo mgongoni, kwa hivyo waya unaweza kuwa mahali ambapo hakuna soketi juu wala chini yake. Zima swichi kuu. Uulize pia kilicho upande wa pili. Kama ni bafu, kuna mabomba.

Faida ya kipepeo ni kwamba ukuta unabaki na matundu manne au sita tu, na braketi inakaa karibu na ukuta. Kwa runinga ya inchi 55 au 65, braketi bapa, nguzo mbili zilizoshikwa vizuri, nafunga hivi na nalala usingizi. Kwa inchi 75 naanza kusita, na kwa braketi ya mkono sifungi.

Usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye pakiti ya kipepeo. Hiyo mara nyingi ni nguvu ya kukivunja kwenye jaribio, na watengenezaji wenyewe hushauri utumie robo yake tu.

Ubao wa plaiwudi, njia ninayoitetea

Chukua plaiwudi ya milimita 18, ile imara ambayo wauzaji wa mbao huiita marini. Unaifunga juu ya ukuta, inashika nguzo tatu, kisha braketi inafungwa kwenye ubao. Basi. Wateja wengi hukunja uso wakisikia, wanaona ubao utaharibu sebule. Mama wa Kileleshwa pia alikunja uso.

Nikamwonyesha kwa tepu. Runinga ya inchi 65 ina upana wa sentimita 145 hivi na kimo cha 83. Nguzo zake zilikuwa zimeachana sentimita 40, kwa hivyo nguzo tatu zinachukua sentimita 80. Ubao wa sentimita 95 kwa 60 unajificha wote nyuma ya kioo, tena unabaki na nafasi ya kutosha kila upande. Ukiupaka rangi ya ukuta, hata ukichungulia kwa pembeni huuoni upesi. Kama nguzo zimeachana sentimita 60, utahitaji ubao wa sentimita 130 hivi. Kwa runinga ya 65 bado unajificha, kwa ya 55 utachomoza, na hapo ni afadhali ukate mdogo unaoshika nguzo mbili na kuongeza vipepeo.

Sasa rudi kwenye hesabu yetu ya mkono uliovutwa. Kilo 75 zilitokana na boliti kuachana sentimita 20. Ubao wenye kimo cha sentimita 60 unaishusha namba hiyo mpaka kilo 25 hivi, na hizo 25 hazibebwi na boliti mbili, zinagawanywa kwa nguzo tatu. Kila mahali panaposhikwa panapata mzigo ambao bati jembamba linaweza kuuvumilia. Ubao hauongezi nguvu ya bati. Unachofanya ni kuyaita mabati mengi yasaidiane, kama jeneza linavyobebwa na watu sita.

Nilivyoufunga ule wa Kileleshwa: skurubu za kujitoboa nne kwenye kila nguzo, jumla 12, urefu wa milimita 50, kwa sababu lazima zipite ubao wa 18, bodi ya 12.5, kisha bati, na zibaki na ncha. Kisha vipepeo vinne kwenye pembe, navyo kupitia nguzo. Skurubu zinashika ubao usiteleze, vipepeo vinazuia usivutwe. Kwa braketi yenyewe, kabla ya kuupandisha ubao nilitoboa matundu yake na kupiga nati za meno upande wa nyuma, zile zinazogongewa kwenye mbao za samani, ili boliti za braketi zishike chuma badala ya kung'ata mbao. Hatua hiyo ilinichukua nusu saa. Kwa braketi bapa ungeweza kuiacha na kutumia skurubu nene za mbao. Kwa mkono, usiiache.

Kuna namna ya pili ya ubao, kuuficha ndani. Unakata bodi ya jipsamu kufuata katikati ya nguzo, unaitoa, unaweka plaiwudi ya milimita 12 mahali pake, unaifunga kwenye mashavu ya nguzo, unabandika mkanda wa wavu kwenye maungio, unapaka fila, unapiga msasa, unapaka rangi. Ukuta unabaki laini kama haujaguswa. Ni nzuri, lakini ina vumbi la siku mbili na gharama ya mpaka rangi, na maungio yasipowekwa mkanda yatapasuka. Kama ndiyo kwanza unajenga au unagawanya chumba, hapo hakuna mjadala: mwambie fundi aweke ubao kati ya nguzo kabla hajafunga bodi, na upige picha ukuta ukiwa wazi huku tepu imening'inizwa, uone nyaya na nguzo ziko sentimita ngapi kutoka pembeni. Picha hiyo itakusaidia miaka kumi ijayo.

Kama nyuma kuna jiwe

Kwa wenye urembo wa jipsamu mbele ya mawe, kuna njia inayoonekana bora kuliko zote: achana na bati, fika kwenye jiwe. Ni kweli, lakini ina mitego yake.

Mawe mengi ya kujengea Nairobi, pamoja na yale yanayokatwa kwa mashine Ndarugo kule Juja, asili yake ni majivu ya volkano yaliyoganda. Mengine ni magumu, mengine ukitoboa yanatoa unga kama wa mahindi. Kwenye jiwe laini, boliti ya kutanuka inaweza kulipasua au kuzunguka bila kushika. Toboa katikati ya jiwe, mbali na maungio ya saruji, na uangalie unga unaotoka. Ukiwa laini sana, tumia gundi maalumu ya kupandia vyuma ambayo huingizwa kwenye tundu lililosafishwa vumbi, kisha uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe.

Mtego wa pili ni uwazi. Kama kutoka uso wa jipsamu hadi jiwe ni sentimita 8, boliti yako inaning'inia hewani sentimita 8, na mzigo utaipinda, au utaivuta braketi iivunje bodi. Lazima uwazi ujazwe. Mimi huingiza kipande cha bomba la chuma kilichokatwa urefu kamili wa uwazi, boliti inapita ndani yake, na braketi ikikazwa inasukuma bomba, bomba linasukuma jiwe. Jipsamu inabaki pambo tu, haibebi kitu. Kwa uwazi unaozidi sentimita 10 nashauri ufungue bodi na kujenga fremu ya mbao iliyoshikwa kwenye jiwe.

Ikifungwa hivyo, hii ndiyo njia pekee ambayo braketi ya mkono yenye runinga ya inchi 75 hainitii wasiwasi wowote. Ila isikufanye ubomoe ukuta kulitafuta jiwe ambalo halipo.

Kabati au stendi ya chini

Nitalisema kwa ufupi, ingawa linaniondolea kazi. Kama umepanga na mkataba unakukataza kutoboa, au unahama kila mwaka, kabati imara la kimo cha nusu mita linaifikisha runinga karibu na macho ya mtu aliyeketi. Wenye watoto wadogo waifunge kwa mkanda isije ikapinduka.

Kwa mpangaji anayeruhusiwa kutoboa, linganisha matundu. Kipepeo kinaacha matundu manne au sita ya milimita 13, ambayo fila na rangi vinayafunika kwa jioni moja. Ubao wa nje unaacha madogo 12 na makubwa manne. Ubao wa ndani huwezi kuutoa kabisa. Zungumza na mwenye nyumba mapema, kwa ujumbe ulioandikwa, kwa sababu deposti ya Nairobi ni pesa ya kuumiza.

Ningechagua nini

Runinga ya inchi 55 au chini, braketi bapa: kipepeo kupitia nguzo mbili. Ya 65, braketi bapa: kipepeo kinatosha, lakini kama nguzo zimeachana sentimita 60 naweka ubao. Ya 75 kwenda juu: ubao, braketi ya aina yoyote ile. Braketi ya mkono, runinga ya saizi yoyote inayozidi kilo 15: ubao wenye nati za meno, au jiwe. Na kama ukibonyeza bodi kwa kiganja kati ya nguzo inabonyea kirahisi, huenda uliwekewa bodi nyembamba ya dari, ya milimita 9, na hapo usiamini chochote kisichopitia nguzo.

Mama wa Kileleshwa alichagua ubao wa nje, na braketi yake ile ile ya mkono. Nilipomaliza kuifunga akadhani tunapandisha runinga. Nikamwambia bado, nikamwomba mitungi miwili ya maji ya lita 20. Mtungi mmoja uliojaa ni kilo 20 na kidogo, kwa hivyo miwili inazidi 40, karibu mara mbili ya runinga yake. Nikauvuta mkono wote mbele, nikaifunga mitungi kwa kamba kwenye ncha yake, ikawa inaelea shubiri moja kutoka sakafuni, godoro chini. Kisha nikachora kwa penseli mstari mwembamba kwenye ukuta, ukifuata ukingo wa juu wa ubao.

"Fundi, inabaki hivi usiku mzima?"

"Usiku mzima, mama. Kesho angalia mstari. Ukiona ubao umeshuka chini yake, au kadi ya simu inaingia nyuma ya ubao kwa juu, nipigie."

Alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa ameamka mapema kuliko watoto, amepiga magoti juu ya kochi na kadi mkononi. Akasema haiingii, na mstari uko palepale. Saa tatu tulipandisha runinga.